Kitambi hakijengwi na mtu mmoja

Dabani ni mahali padogo, kilomita chache kutoka mji wa mpakani wa Busia, upande wa Uganda, katika nchi ya Wasamia na Wagwe. Pana kanisa, shule, na hospitali iliyo chini ya Jimbo Kuu Katoliki la Tororo. Alfajiri, kabla jua halijapanda, njia zake huwa zimekwisha kujaa watu: akina mama wenye madumu ya maji kichwani, watoto waendao shule kwa miguu, wakulima wenye majembe begani wakielekea katika mihogo na mtama, na vijana wanaosukuma baiskeli zilizofungwa magunia. Ukikaa hapo saa nzima ukiwahesabu wapitao, utapata taabu kumwona mwenye kitambi. Na akitokea mmoja, mara nyingi atakuwa mtu wa mshahara. Na miongoni mwa watu wa mshahara si ajabu akawa ndugu yetu aliyevaa sare, au aliyeivua karibuni akastaafu.

Haya hayasemwi kwa kumkejeli askari. Mwaka 2018 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walichapisha hesabu zilizokusanywa katika nchi 168 juu ya watu wasioutumikisha mwili kiasi cha kutosha. Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi zenye watu wachache kabisa wa namna hiyo: asilimia 5.5 tu ya watu wazima, hali Kuwait walikuwa asilimia 67. Sababu si kwamba Waganda wote ni wanamichezo. Wanalima, wanachota, wanabeba na wanatembea. Askari wengi wametoka katika maisha hayo hayo, na siku walipoitwa kwenye mafunzo ya kuruti walikuwa wamekwisha kufunzwa na jembe. Linalopasa kuulizwa ni kile kilichowapata baadaye.

Sajini tutakayemsimulia hapa si mtu mmoja. Ni wengi waliounganishwa wakawa mmoja, na kwa hiyo hatutampa jina. Kila kituo na kila kambi itampa la kwake. Alizaliwa jirani na Dabani, akaandikishwa akiwa na kilo 66. Sasa ana umri wa miaka 43, urefu wa mita 1.70, na kilo 94. Hakuna siku hata moja awezayo kuionyesha kwa kidole akasema, hii ndiyo siku niliyonenepa. Mwanzoni alikuwa wa doria ya miguu. Kisha akawekwa kwenye kizuizi cha barabarani, ambako mtu husimama sana lakini hatembei. Kisha akapewa gari. Kisha meza na daftari la matukio. Kila cheo kilikuja na kiti chake, na kila kiti kilikuwa laini kuliko kile cha kwanza.

Chakula nacho hakikubaki kama kilivyokuwa. Zamu ya usiku haina jiko la nyumbani, ina kibanda cha chapati. Chapati mbili zilizokunjwa pamoja na mayai ya kukaanga, ambazo vijana wa Uganda huziita roleksi, huliwa saa saba ya usiku kwa sababu hakuna kingine kilicho wazi, na huteremshwa kwa soda. Chupa ya soda ya mililita 300 ina sukari ya vijiko vya chai vipatavyo 8. Ni nani kati yetu angetia vijiko 8 katika kikombe kimoja cha chai mbele ya watu? Mwisho wa mwezi huja bia. Nusu lita ya bia ina kalori zipatazo 200, na mtu wa uzito wa sajini wetu, akitaka kuziteketeza kalori za chupa mbili, imempasa atembee kwa haraka kwa muda wa saa nzima. Yeye hakutembea. Alipanda gari akarudi bwenini.

Shahidi wa haya yote ni mkanda. Mkanda wa sare una matundu, na mwenye mkanda huyajua kama ajuavyo namba yake ya utumishi. Tundu la tatu lilikuwa la kuruti. La pili lilikuja na ndoa. La kwanza lilikuja na utepe wa tatu begani. Baada ya hapo sajini alitoboa tundu jipya kwa msumari, usiku, mwenyewe, bila ya kumwambia mtu.

Waganga wana namna zao za kulipima jambo hili. Huuchukua uzito wa mtu kwa kilo, wakaugawa kwa urefu wake kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Likitoka 25 au zaidi, huyo ana uzito uliozidi. Likifika 30, huo ni unene wa maradhi. Sajini alipata 32.5. Kipimo kingine ni utepe wa fundi cherehani kiunoni: mwanamume akipita sentimita 94, na mwanamke sentimita 80, hatari imekwisha kuanza. Mafuta yaliyozunguka matumbo ndiyo yenye kuleta kisukari na shinikizo la damu, na uzito wenyewe huyalemea magoti. Askari anayo na hasara ya ziada. Kijana wa magendo akikatiza katika njia za panya na baiskeli yake begani, atafukuzwa na nani?

Na kwa kuwa tumetaja baiskeli, tusipite bila kukumbusha kwamba neno bodaboda lilizaliwa hapa mpakani. Katika miaka ya 1960 na 1970 vijana wa Busia waliwabeba wasafiri kwa baiskeli kati ya kizuizi cha nchi moja na cha nchi ya pili, wakinadi kwa sauti neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Leo wengi wao wamehamia kwenye pikipiki. Bodaboda wa baiskeli hakuwa na haja ya kuambiwa afanye mazoezi; wa pikipiki amepata kiti, kama sajini.

Turudi kwake. Mtu huyu si mvivu wala hakuwa mzembe wa nafsi yake. Alijaribu mara tatu. Mara ya kwanza aliacha kula mchana, na usiku akala milo miwili kwa mpigo. Mara ya pili aliamka saa kumi na moja alfajiri kukimbia peke yake, na baada ya wiki mbili magoti yakamkataza. Mara ya tatu alinunua sokoni unga wa kupunguza mwili kutoka kwa mchuuzi asiyejua hata yeye mwenyewe ulichanganywa na nini, ukamwendesha tumbo siku nne. Kilo alizopoteza zilikuwa za maji, zikarejea maji yaliporejea. Katika mara zote tatu hakumwambia mtu, kwa maana aliona haya. Na hapo ndipo lilipo kosa, ijapokuwa kosa hili ni la kibinadamu.

Tuangalie jinsi kitambi kinavyojengwa. Nchi hizi zina chungu cha malwa. Ni pombe ya wimbi, nzito kama uji, huwekwa katikati, na wanywaji huketi duara, kila mmoja na mrija wake mrefu. Maji ya moto huongezwa na mazungumzo huendelea. Mambo makubwa ya kijiji huamuliwa hapo: mahari, mipaka ya mashamba, mazishi. Mtu aliyeondoa mrija wake mapema huulizwa, Je, umetukasirikia? Kambini hakuna chungu, lakini kuna raundi, na raundi ni chungu kwa jina jingine. Mmoja amenunua kwa ajili ya watano. Wewe uliyekunywa yake, utaondokaje kabla hujanunua yako? Kwa hesabu hiyo watu watano hunywa chupa tano tano, ingawa kila mmoja wao alikuja na kiu ya moja.

Nyumbani kuna sahani. Mke wa askari hupimwa na majirani kwa mwili wa mumewe. Mume akinawiri, mke amesifiwa. Mume akipungua, watu husema nyumba ile haina mpishi, au haina amani. Na lugha yetu yenyewe imeshika upande. Mtu akirudi kutoka safari, humwambia kwa furaha, Umenenepa, mambo yamekunyookea. Lakini neno kukonda huja pamoja na swali: Umekonda, una nini? Basi yule anayetaka kupunguza mwili wake anapigana na njaa yake, na pamoja na njaa anapigana na raundi, na sahani, na heshima ya mkewe, na hata msamiati. Atashindaje peke yake, hali kitambi chenyewe hakukijenga peke yake?

Jambo lililombadilisha sajini lilikuwa dogo. Koplo mmoja wa zamu yake alianguka akipanda ngazi, akapelekwa hospitali, akaambiwa ana shinikizo la damu. Aliporudi alikaa na wenzake watatu, sajini akiwa mmojawapo, akawaambia waziwazi, “Afande, daktari amesema nipunguze. Mimi siwezi, ninyi mkiendelea kuniagizia.” Hayo tu. Walicheka kwanza, kama ilivyo desturi ya askari. Kisha dereva akasema na yeye suruali ya gwaride haimwingii. Kisha sajini akawaonyesha lile tundu la msumari.

Walikuwa wanne, na walichokifanya kwanza kilikuwa kutafuta mizani. Mizani ya zahanati ilikuwa mbovu. Wakaenda kwa mfanyabiashara wa mahindi, ambaye mizani yake hupima magunia. Kila Jumamosi asubuhi walipanda mmoja mmoja, na mwenye ghala, bila ya kuombwa, akawa mtunza daftari mkali kuliko wote. Alikuwa akisema kwamba gunia halimdanganyi na askari hatamdanganya. Raundi haikufutwa, maana kuifuta kungeuvunja urafiki wenyewe. Waliihamisha: ikawa Jumamosi moja tu kwa wiki, baada ya mizani, chupa mbili kwa kila mtu, na kila mtu ajilipie. Kibanda cha chapati walikijia kwa njia nyingine. Mwenye kibanda aliombwa aweke maharage ya kuchemsha na mboga kwa ajili ya zamu ya usiku, naye akakubali mara moja, kwa sababu wateja wanne wa uhakika ni biashara. Tena wakawa wanatembea pamoja dakika 30, siku tano kwa wiki, baada ya kukabidhiana zamu, wakizungumza kama ambavyo wangezungumza kwenye meza ya bia.

Dakika hizo 150 kwa wiki hazikuokotwa njiani. Ndizo zilizotumika Marekani katika utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2002, wa watu 3,234 waliokuwa ukingoni mwa kisukari. Waliotakiwa kutembea muda huo na kupunguza asilimia 7 ya uzito wao walipungukiwa na hatari ya kuugua kwa asilimia 58, kuliko wale wasiofanya hivyo. Asilimia 7 ya kilo 94 ni kilo 6 na nusu. Mtu anayedhani kwamba hana budi kurudi kwenye kilo za kuruti huvunjika moyo kabla ya kuanza. Hakuna aliyemtaka arudi huko.

Ama juu ya nguvu ya wenzi, jambo hilo nalo limepimwa. Mwaka 1999 wataalamu wawili, Rena Wing na Robert Jeffery, waliandika habari za watu 166, wengine waliojiunga na mafunzo ya kupunguza mwili wakiwa peke yao, wengine kila mmoja na rafiki au jamaa watatu. Katika waliokuja peke yao na kupewa mafunzo ya kawaida, asilimia 76 walifika mwisho, na asilimia 24 ndio waliokuwa hawajarudisha hata kidogo cha walichopunguza, walipopimwa miezi sita baadaye. Katika waliokuja na wenzao na kufundishwa kusaidiana, waliofika mwisho walikuwa asilimia 95, na waliokishika chote walichokipata ni asilimia 66. Kabla yao, mwaka 1961, mama mmoja wa New York aitwaye Jean Nidetch, aliyekuwa na kilo 97 na aliyekuwa akila biskuti kwa siri, aliwaita rafiki zake sita nyumbani akaungama mbele yao. Mkutano ule wa sebuleni ndio uliozaa, mwaka 1963, chama cha Weight Watchers kijulikanacho duniani.

Upande wa pili wa shilingi ulionyeshwa mwaka 2007 na Nicholas Christakis na James Fowler, waliopitia kumbukumbu za watu 12,067 wa Framingham katika Marekani kwa muda wa miaka 32. Rafiki wa mtu alipokuwa mnene, uwezekano wa mtu huyo kunenepa naye ulizidi kwa asilimia 57. Wako wanazuoni waliobisha, wakasema huenda wanene huchaguana tu kuwa marafiki. Hata hivyo askari hachaguliwi marafiki namna hiyo; hupangiwa zamu. Duara la wanywaji analikuta tayari.

Katika miezi saba sajini alishuka hadi kilo 85. Tundu la msumari likawa halina kazi. Ndipo akapewa likizo, akapanda basi kwenda kwao Dabani, akiwa na furaha ya mtu anayepeleka zawadi.

Mama yake alikuwa uani akianika muhogo. Alimtazama mwanawe akija, akasimama, wala hakumpokea mzigo. Alimwambia, “Mwanangu, umekonda.” Kisha akaketi chini juu ya mkeka palepale penye muhogo, akaanza kulia bila ya sauti.

Msomaji aliye kijana huenda asielewe. Mama huyu amezika watoto wawili katika miaka ya 1990. Ugonjwa uliowaua ulipotokea, watu wa Uganda waliupa jina kwa kile walichokiona: waliuita silimu, maana ya kupungua mwili. Wagonjwa wa kwanza walitambuliwa mwaka 1982 huko Kasensero, wilaya ya Rakai, kando ya Ziwa Viktoria. Na mwaka 1985 madaktari walipoandika habari zake katika jarida la Lancet la Uingereza, walitumia jina lile lile la wananchi. Miji ya mpakani, Busia na Malaba, ambako malori yalingoja na madereva wakalala, ilionja mapema. Katika miaka ile mtu hakuhitaji kupimwa damu. Shingo yake ilipimwa kwa macho ya jirani. Suruali iliyolegea ilikuwa hukumu. Wako watu walionunua nguo mbili wakazivaa pamoja ili waonekane wamejaa. Nchi iliyopita katika hayo haiwezi kuuona mwili unaopungua kama wauonavyo wale wa Framingham. Kwa mama yule, kilo 94 za mwanawe hazikuwa maradhi. Zilikuwa cheti cha uzima.

Na mke? Mke hakulia, alinyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa kuzito zaidi. Alikuwa na miezi minane hajamwona mumewe. Usiku alimwuliza, “Baba watoto, niambie mimi kabla sijaambiwa na watu.” Sajini alieleza habari za mizani ya mahindi na koplo aliyeanguka na raundi ya Jumamosi. Ilikuwa kweli tupu, lakini ilisikika kama hadithi ya mtu anayejitetea. Wenzake wa kazi watatu walijua kila gramu. Nyumbani kwake hakuna aliyejua lolote, kwa sababu alitaka kuwashangaza.

Kesho yake asubuhi walikwenda hospitali pamoja, mke na mume, wakapimwa. Sajini hakukasirika kwa jambo hili, na alifanya vema kutokukasirika. Mtu anayepungua bila ya kutaka, bila ya kubadilisha chakula wala kazi, asisifiwe wala asisengenywe. Apelekwe akapimwe, maana kifua kikuu, kisukari na virusi vya UKIMWI vyote huanza hivyo. Tangu mwaka 2004 dawa za kupunguza makali ya virusi zilianza kutolewa bure katika Uganda, na mwenye virusi anayezimeza sawasawa hunawiri kama wewe na mimi. Macho ya jirani hayana tena cheti cha kutoa, wala kwa mnene wala kwa mwembamba. Majibu ya wote wawili yalikuwa salama. Shinikizo la damu la sajini, lililokuwa juu mwaka uliotangulia, lilikuwa limeteremka. Alimwomba muuguzi amweleze mama yake, kwa kuwa neno la muuguzi lina uzito ambao neno la mwana halina.

Siku zilizobaki za likizo ndizo zilizokuwa na kazi ngumu, na hapa ndipo msaada wa jamaa unapopata maana yake. Msaada si mahubiri. Mke anayemhesabia mumewe matonge mbele ya wageni hakumsaidia. Amemfundisha kula kwingine. Rafiki anayemwita mwenzake pipa, hata kwa mzaha wa kijeshi, amempa sababu ya kujificha, na aliyejificha hula. Msaada wa mke wa sajini ulikuwa katika mambo yasiyoonekana: mafuta ya kupikia yalipimwa kwa kijiko badala ya kumiminwa kutoka kwenye chupa, mboga za majani zikapakuliwa kwanza na ugali wa muhogo baadaye, chai ikawa ya kijiko kimoja cha sukari kwa nyumba nzima, wala si kwa baba peke yake, ili asijione mgonjwa katika nyumba ya wazima. Watoto walimfuata jioni katika matembezi mpaka njia ya kanisani na kurudi. Mwenyewe alishika jembe asubuhi, akagundua kwamba mikono iliyozoea daftari hutoka malengelenge kwa saa moja.

Mama yake alikuwa na shida moja tu. Mwana akija likizo huchinjiwa kuku, na firigisi ni ya mwanamume wa heshima. Atampaje kuku nusu? Walikubaliana hivi: kuku atachinjwa, atachemshwa wala hatakaangwa, firigisi itakuwa yake kama ilivyo haki, na kilichobaki kitagawiwa majirani, ambao kwa njia hiyo watamwona anakula na kusikia kwa masikio yao kwamba amepungua kwa kutaka. Ukiangalia sana, mama huyu alitatua kwa kuku mmoja jambo ambalo wataalamu wangeliandikia kitabu.

Yako mengine ambayo nafasi haitoshi kuyachambua. Askari wa kike, kwa mfano, hurudi kazini baada ya uzazi akiwa na kilo ambazo wakwe zake walizishangilia na mkufunzi wake wa gwaride anazilaumu. Yeye ana mabwana wawili katika mwili mmoja, na anastahili makala yake peke yake. Wako pia wanaotaja mabingwa. John Akii-Bua, askari polisi wa Uganda aliyeshinda mbio za kuruka viunzi za mita 400 kule Munich mwaka 1972 kwa sekunde 47.82, alikuwa akifanya mazoezi huku amevaa vesti iliyotiwa uzito. Ni mfano mzuri kwa sababu isiyotajwa mara nyingi: siku ya mashindano aliivua. Sajini wetu ya kwake alilala nayo.

Adui mkubwa kuliko malwa katika kazi hii ni uhamisho. Raia akipata wenzi wa kutembea nao, huweza kuwa nao miaka ishirini. Askari huletewa karatasi. Mwezi wa kumi wa daftari la mahindi, koplo alipelekwa Karamoja, dereva akapelekwa Kasese, na sajini mwenyewe akahamishiwa kituo ambacho hakumjua mtu. Duara jipya lilikuwa tayari linamngoja, na ukarimu wa kumpokea mgeni ulikuwa wa chupa. Katika miezi miwili alirudi kilo 88. Hili halikumshangaza mtu yeyote isipokuwa yeye.

Alimpigia simu koplo, wakapatana kwamba Jumamosi itabaki Jumamosi popote walipo. Kila mmoja atafute mizani, iwe ya zahanati au ya mahindi, naye atume namba kwa wenzake watatu kabla ya saa nne asubuhi, asiyetuma apigiwe. Dereva alijaribu kutuma namba ya uongo wiki ya pili, akajulikana kwa sababu ilikuwa nzuri mno. Katika kituo kipya sajini alimweleza mwenzake mmoja wa meza, siku ya kwanza ya wiki ya tatu, akamwonyesha mkanda. Huyo naye alikuwa na tundu lake la msumari.

Namba ile ile huitumia Dabani, kwa mkewe, ambaye humsomea mama mkwe. Siku hizi mama huipokea simu mwenyewe. Jumamosi moja, kabla ya salamu, alimwuliza, “Kilo ngapi leo?”

“Themanini na sita, mama.”

Alinyamaza kidogo, kana kwamba anapiga hesabu.

“Vema. Lakini firigisi nitakuwekea.”